Nani Anatafsiri Muvi Nyumbani Kwako?

Ukishuka kwenye basi pale Ipogolo usiku, kabla hujapata bajaji ya kukupandisha mjini, utasikia sauti tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni ya malori yanayopunguza mwendo, yanakwenda Tunduma au yanarudi Dar es Salaam. Ya pili ni ya kwaya, maana kwetu haipiti jioni bila kanisa mojawapo kuwa na mazoezi. Ya tatu ni ya mwanaume anayefoka kwa Kiswahili cha mjini kuhusu Mchina aliyeuliwa baba yake na leo amerudi kijijini kulipa kisasi. Huyo wa tatu hajawahi kukanyaga Iringa. Yumo ndani ya flashi, kwenye kibanda cha mabati cha kuonyeshea muvi, na kwa baadhi ya vijana wetu ndiye msemaji wanayemsikiliza saa nyingi zaidi kwa wiki kuliko mchungaji, paroko na mwinjilisti ukiwajumlisha pamoja.

Mimi ni mzee wa kanisa, na swali ninaloletewa na wazazi, hasa akina mama wanaouza chakula barabarani na kufika nyumbani saa tatu usiku, ni lilelile kila mwaka: "Mzee, muvi ni dhambi?" Zamani nilikuwa nalijibu. Siku hizi nami namuuliza mama: mwanao anaangalia na nani, na anayemtafsiria ni nani?

Nilianza kuwa mwangalifu na neno "marufuku" baada ya mkutano mmoja wa injili. Mhubiri aliwaita vijana walete CD zao mbele, zikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa pamoja na hirizi za watu wazima. Tulipiga vigelegele. Wiki mbili baadaye nikamkuta mmoja wa wale vijana dukani kwa fundi simu anajaziwa muvi kwenye kadi ya simu, nyingi kuliko zile zilizochomwa, na zamu hii zilikuwa mahali ambapo mama yake hawezi kuziona. Wakenya walijifunza jambo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 2018 bodi yao ya filamu ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Mahakama Kuu iliposimamisha katazo hilo kwa siku saba mwezi Septemba, watu walijaa kwenye sinema za Nairobi. Sisemi filamu ile ionyeshwe Shule ya Jumapili. Nasema tu kwamba hakuna tangazo la biashara linaloshinda katazo.

Tena tusijifanye kwamba sinema ilitujia kutoka kwa shetani nasi tukiwa tumekaa zetu kanisani. Kwa sehemu, waliotuletea ni watu wa kanisa wenyewe. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, na fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Zilipatikana filamu kama 35, za kilimo, afya na kuweka akiba, zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Kinachonifurahisha ni namna walivyotatua tatizo la lugha. Picha ilikuwa moja, lakini maneno yalirekodiwa kando kwenye sahani za santuri, kila lugha na sahani yake. Kwa hiyo tangu miaka ile Mtanganyika aliona picha iliyotengenezwa na mtu mmoja na kusikia maneno ya mtu mwingine. Wakati huohuo, Juni 1936, Papa Pius wa Kumi na Moja alitoa barua nzima kuhusu sinema, ambamo hakuwataka Wakatoliki waikimbie. Aliwataka waichunguze na kuambiana ipi inafaa na ipi haifai.

Sahani ile ya santuri leo ni DJ, yule mtafsiri wa muvi tuliyemsikia kibandani. Wa zamani wanamkumbuka Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Msikilize vizuri mtu wa kazi hii. Hatafsiri sentensi kwa sentensi. Anaongeza methali, anamtania mhusika, anamwita adui kwa jina la mwanasiasa, na pale ambapo mwanamke kwenye picha analia kimya, yeye humpa maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyaota. Ni ufundi, wala siudharau. Lakini mtoto wa miaka kumi anatoka pale akiamini ameangalia filamu, kumbe ameangalia maoni ya mtu mmoja kuhusu filamu. Yule jambazi aliyeua watu arobaini amesifiwa kwa ucheshi kila alipoua. Binti aliyebakwa amepigwa utani. Picha ingemfanya mtoto ahuzunike, tafsiri ikamchekesha.

Basi kazi ya Mkristo nyumbani kwake ni kuwa mtafsiri. Wala si kazi ngeni katika Maandiko. Nathani alipotaka kumfikia Daudi hakuanza na amri, alianza na hadithi ya kondoo mmoja wa maskini, akaiacha imchome mfalme, kisha ndipo akaitafsiri. Paulo kule Athene aliwanukulia Wayunani washairi wao wenyewe, watu walioabudu miungu mingine, na hakuwataka kwanza wachome vitabu vyao. Alijua wanachosoma. Ni wangapi kati yetu sisi wazee tunajua vijana wetu wameangalia nini wiki hii?

Nianze na jambo dogo tunalokosea karibu wote. Familia imekaa sebuleni, tamthilia ya Kituruki au ya Kifilipino inaendelea kwenye king'amuzi, mara mwanaume na mwanamke wanasogeleana. Baba anakohoa. Mama anasema, "Hebu nenda kaniletee maji." Mtoto anatumwa maji ambayo hakuna mwenye kiu nayo, na jikoni anasimama kuhesabu mpaka kumi kwa sababu ameshaujua utaratibu. Anachojifunza pale ni kwamba mapenzi ni kitu ambacho baba na mama hawawezi kukisemea, hivyo siku akiwa na swali atamuuliza mwingine. Lakini dakika ishirini kabla ya hapo, kwenye tamthilia hiyohiyo, mama mkwe alidanganya, akagushi wosia, akamtilia mkwewe sumu, na hakuna aliyekohoa.

Ushauri wangu hapa ni wa vitendo, na haugharimu chochote. Kama ni muvi ya kwenye flashi au simu, mzazi aiangalie peke yake robo saa ya mwanzo kabla ya wengine, na aruke katikati mara mbili tatu. Nyingi huonyesha tabia yake mapema. Atazame pia daraja la umri. Sheria Na. 4 ya 1976 inataka filamu zikaguliwe kabla ya kuonyeshwa, na Bodi ya Filamu huzipanga kwa umri wa watazamaji. Ukiona kumi na nane, usijidanganye kwamba mwanao amekomaa mapema. Mkianza kuangalia, rimoti ishikwe na mtu mzima, na itumike kusimamisha zaidi kuliko kurusha. Simamisha pale ambapo mhusika anakaribia kuamua jambo, uulize: wewe ungefanyaje? Basi. Usihubiri. Ukihubiri kila baada ya dakika tano watahamia kwa jirani, na huko ndiko kwa DJ. Likija la kitandani, sema wazi kwa sauti yako ya kawaida kwamba hili ni la mume na mke na si la kutazamwa na watu, halafu ruka. Mtoto aliyeambiwa hivyo hahitaji kutumwa maji.

Ndugu wa makanisa mbalimbali hawatakubaliana mstari uwekwe wapi, na sioni ubaya. Kwetu kuna watu wanaokunywa ulanzi, kinywaji cha mwanzi, wa asubuhi, ule mtogwa ambao hata mtoto hupewa, na jioni ukishakuwa mkangafu hawaugusi. Wengine hawagusi hata mwanzi. Paulo alikutana na ugomvi wa namna hii Korintho, juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, na alichokikazia ni yule ndugu mwenye dhamiri dhaifu aliyekaa mezani pamoja nawe. Kama umempokea nyumbani kijana aliyeacha bangi juzi, muvi ya wauza unga ambayo wewe unaiona mchezo tu, kwake ni njia ya kurudia alikotoka. Hapo huangalii, hata kama una haki.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo halihusu uchi wala bunduki. Ni muvi tunazoziita za Kikristo.

Nyumba nyingi za waumini hapa haziruhusu muvi ya mapenzi, lakini muvi ya Kinigeria ya wachawi na mchungaji inaachwa icheze mpaka usiku wa manane, watoto wamejibana kwa bibi yao kwa woga. Tunasema inafaa kwa kuwa mwishoni Jina la Yesu linatajwa na jini linatoka kwa moshi. Fikiria imewafundisha nini kwa saa moja na nusu kabla ya ule moshi. Imewafundisha kwamba mtu akiumwa, ameumizwa. Biashara ikianguka, yuko aliyeiangusha, na mara nyingi ni mtu wa nyumbani, mwanamke, tena mzee, anayekuonea wivu. Mwaka 1999 mhubiri wa Nigeria, Helen Ukpabio, alitoa filamu End of the Wicked, inayoonyesha watoto wakiingizwa katika uchawi na kuangamiza familia zao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea imani iliyofanya watoto kule kusini mwa Nigeria wapigwe na kufukuzwa majumbani. Mwaka 2008 jimbo la Akwa Ibom lilipitisha sheria inayofanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la jinai.

Usiseme hayo ni ya Nigeria. Jirani zetu wa Mbeya wana neno lao, abasyuka, ambalo kwa Wanyakyusa wa zamani liliwahusu marehemu wa ukoo, waliokumbukwa na kuheshimiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza muvi ya kutisha ya Kiswahili akaiita Nsyuka, na kwa watazamaji wengi nchini jina hilo likawa la zimwi. Muvi moja inatosha kugeuza jina la babu yako kuwa kitisho. Na Njombe, ambayo hadi 2012 ilikuwa mkoa mmoja nasi, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa waliuawa, na mauaji yale yalihusishwa na ushirikina. Sisemi waliofanya hivyo walitoka kibandani. Nasema mtu anayeishi saa chache kwa gari kutoka pale hana ruhusa ya kuuchukulia uchawi kama burudani ya familia.

Paulo alipowaandikia Wafilipi mambo ya kuyatafakari, kabla ya kufika kwenye usafi alianza na ukweli. Wengi wetu tumeuruka huo mwanzo. Tunapima muvi kwa usafi peke yake: hakuna busu, hakuna tusi, imepita. Muvi isiyo na busu hata moja, ambayo inamsingizia bibi mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, imeanguka kwenye kipimo cha kwanza kabla hujafika cha pili. Kama mnayo nyumbani, msiichome. Iangalieni mkiwa na bibi, kisha mumwombe aseme anajisikiaje. Mimi nilifanya hivyo na mama yangu mzazi. Alikaa kimya hadi mwisho, akasema, "Kumbe siku hizi ndivyo mnavyotuona." Wajukuu hawakuomba muvi ile tena.

Filamu za Yesu mwenyewe nazo zinataka akili. Wengi wa rika langu tulimwona Yesu kwa mara ya kwanza kwenye shuka jeupe, jenereta linanguruma nyuma, katika filamu iitwayo Jesus ya mwaka 1979, inayofuata Injili ya Luka na ambayo imeshaingizwa sauti za lugha zaidi ya elfu mbili. Hiyo ni salama kwa wote. Lakini The Passion of the Christ ya Mel Gibson, ya 2004, tunawawekea watoto kila Ijumaa Kuu kama vile jina la Yesu linaondoa damu. Marekani yenyewe iliipa daraja linalotaka mtoto wa chini ya miaka 17 aambatane na mzazi au mlezi. Mtoto wa miaka sita hatoki pale akiwa amempenda Yesu zaidi. Anatoka akiwaogopa wanaume wenye mijeledi. Subirini afike darasa la kipaimara.

Tamthilia ya The Chosen inawavutia sana vijana wa vyuo vya hapa mjini, na naelewa kwa nini. Inapatikana bure kwenye programu yake ya simu, na mitume wake wanacheka, wanagombana, wana madeni. Ila walioitunga wamejaza nafasi ambazo Injili imeziacha wazi. Yule Mathayo mwenye tabia ya kupanga kila kitu kwa mstari ni wao waliomuumba hivyo. Yule Yakobo Mdogo anayechechemea, vilevile. Kikundi kimoja cha vijana wanafanya jambo ninalolipenda: kabla ya kila sehemu wanasoma sura inayohusika, na baada ya kuangalia wanaandika kwenye karatasi mambo yaliyoongezwa. Mwishoni wanajua Biblia kuliko wale waliosusa.

Kuhusu filamu ya Conclave ya 2024 sitasema mengi. Papa Fransisko alipofariki Aprili 21, 2025, watu waliitafuta ili wajue papa anachaguliwaje. Ukumbi, kura na mavazi vimeigizwa kwa ustadi, lakini fitina zile ni za riwaya ya Robert Harris. Katika uchaguzi halisi, kati ya makardinali 133 waliopiga kura alikuwemo Protase Rugambwa wa Tabora. Mkatoliki anayetaka kuelewa jambo lile anaye kardinali wa nyumbani wa kumfuatilia.

Kuna dhambi moja ya muvi ambayo haipo kwenye picha, nayo siisikii mimbarani. Ni ule wizi. "Usiibe" Walutheri na Wakatoliki tunaihesabu amri ya saba, Waanglikana na ndugu zetu Wapentekoste wa TAG wanaihesabu ya nane, lakini wote tunajaziwa flashi kwa fundi kwa bei ya soda mbili, na aliyeitengeneza filamu hapati hata mia. Sheria ya Hakimiliki iliyopo ni ya 1999. Msanii wa Bongo muvi tunayemlaumu kila siku kwamba kazi zake hazina maana, tumemwachia pesa ipi ya kutengeneza za maana? Lipia king'amuzi, au changeni bando watu watatu mwangalie kitu kimoja kwa halali.

Basini hali ni tofauti kwa sababu huwezi kuondoka. Umepanda Mbeya na mtoto, na kwenye televisheni pale mbele mtu anakatwa shingo kabla hamjafika Makambako. Usimgombeze kondakta mbele za watu, atakuwekea sehemu ya pili. Nenda mpaka alipo, msalimie, mwambie: "Kaka, tuna watoto huku nyuma, tunaomba mkanda mwingine." Mimi sijawahi kukataliwa. Mara moja tu yule kaka aliweka nyimbo za injili kwa sauti ya juu hivi kwamba tulitamani yule aliyekatwa shingo arudi.

Na kile kibanda cha mabati? Tulikwenda, wazee watatu, mchana ambao hapakuwa na mpira. Tulijiandaa kwa ugomvi, na mmoja wetu alikuwa amepanga tuanzie ofisi ya mtendaji wa kata tukaulizie kibali. Mwenye kibanda alitukaribisha kwenye benchi, akatusalimu, "Kamwene, wazee wangu," akatuagizia chai. Tukamwomba mambo mawili: watoto wa shule wasiingie usiku, na Jumamosi mchana aweke kitu ambacho mtu anaweza kukaa na mwanae. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili akalifikiria, akafungua droo, akatoa flashi mpya, akanikabidhi.

"Nijazieni nyie," akasema. "Za halali, zenye Kiswahili, za kumfanya kijana wa Ipogolo alipe mia tano na asitoke nje. Mkileta naonyesha."

Hii ni wiki ya tatu nimekaa nayo mfukoni. Ina GB 32. Mpaka leo ina muvi moja, ile ya 1979.